Mapendekezo Yaliyopita kwa Kimya

9 Februari

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani hata kama hujaiandika. Sisi huku wazima. Baba yako tangu astaafu kuendesha lori amejipa kazi mpya: anasimama barabarani kuelekeza watu wanaoegesha magari. Hakuna aliyemwomba. Jana alimwongoza jirani kwa mikono yote miwili mpaka akaingia mtaroni, kisha akamlaumu kwa kutofuata maelekezo. Wifi yangu, mama yako, anajifanya hamjui. Dukani kwangu mashine ya fotokopi bado inatafuna karatasi, na ina jicho la kuchagua: ukiipa tangazo la mchezo wa mpira inalitoa safi, ukiipa cheti cha mtu inakimeza.

Utashangaa kuletewa barua ya bahasha na stempu. Sijachanganyikiwa, ninatii. Kamati yenu ya Mwenendo, ile ya mradi wetu wa programu, imeniandikia kwamba nimewekwa kwenye "kipindi cha tafakari" cha miezi minne, na kwamba nisiwasiliane na mjumbe yeyote wa kamati "kwa barua pepe, simu wala ujumbe wa kompyuta". Nimelisoma katazo hilo nikitafuta neno bahasha. Halimo. Wewe ni mjumbe wa kamati, mimi ninauza bahasha, basi tuzungumze.

Niwakumbushe, kwa kuwa kamati inaonekana imesahau. Ile programu ya maktaba niliianzisha mimi, juu ya kaunta hii hii, siku mkutubi wa shule ya jirani aliponiletea rejista ya kuazimisha vitabu iliyoliwa na panya. Nikaiandika, nikaitoa bure, yeyote aitumie, yeyote airekebishe. Watu wakaja, wa karibu na wa mbali, wote wa kujitolea, wengi wao sijawahi kuwaona sura. Hatukuwa na kamati. Tulikuwa na kanuni moja, nayo niliitunga mimi: mtu akileta pendekezo kwenye jukwaa letu la mtandaoni, likikaa wiki mbili bila mwanachama yeyote kulipinga, limepita. Watu wa kujitolea hawajibu barua, mwanangu. Ukiwasubiri waseme ndiyo utaota mvi. Kwa hiyo kimya kikawa ndiyo.

Kisha akaja yule tunayemwita Mshauri, ambaye hajaandika mstari mmoja wa programu lakini ana mapendekezo kama mtu mwenye homa ana ndoto, nasi kila moja tulilipinga kwa kubonyeza kitufe tu, bila neno. La mwisho lilikuwa na kurasa arobaini: Mapendekezo ya Awali Kuhusu Namna ya Kuandaa Mapendekezo. Nikamjibu hadharani kwamba mchango mkubwa kuliko wote anaoweza kuutoa kwa mradi huu ni kunyamaza. Nikaongeza mawili matatu kuhusu akili yake, lakini hayo yalikuwa pambo.

Kamati inaita hiyo "kauli isiyokaribisha". Eti nimeshtakiwa na "mwanachama aliyeguswa". Ninataka kujua aliguswa wapi. Na eti sitarudi mpaka nimwombe Mshauri radhi hadharani, na kamati iridhike na radhi yenyewe. Sitamwomba. Wakati huo huo toleo letu jipya lina hitilafu: kitabu kikirudishwa, programu inaandika kimepotea. Dawa yake ninayo, nimeiandika, na siruhusiwi kuiweka.

Swali langu ni moja tu. Nani alinishtaki?

Shangazi yako

27 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika na nimeisoma nikiwa kazini, jambo ambalo halikuwa busara, maana pale kwenye mtaro nilicheka hadi bosi akaja kuangalia. Hatujambo. Mtoto ameota jino na analitumia kwa kila kitu, pamoja na bega la baba yake. Kiwanda chetu cha mizani kimenihamishia chumba kilicho juu ya karakana, kwa hiyo kila wakijaribu mzani mzito kikombe changu kinatembea mezani. Nimejifunza kuandika programu huku nimekishika kwa mkono mmoja.

Kuhusu shauri lako sina la kusema. Siku lilipoletwa nilijiweka kando, sikukaa kikaoni, sikupiga kura. Sababu unaielewa. Kwa hiyo usiniulize nani alisema nini.

Niseme tu kama mtoto wako. Umeandika "pambo". Pambo hilo nimelisoma, Shangazi. Ulimwambia kwamba waliomsomesha warudishiwe ada yao na waombwe msamaha. Ulimwambia kwamba ukisoma maandishi yake unasikia mtu akitembea ndani ya kichwa kitupu akitafuta swichi. Watu wengi walicheka. Ninajua ni maneno mazuri. Wewe huwa huna maneno mabaya, na hapo ndipo penye tatizo.

Chapa hiyo dawa ya hitilafu kwenye karatasi uniletee. Nitainakili.

Mama unisalimie, na Baba mwambie jirani ana haki ya kugeuza gari lake mwenyewe.

Mwanao

8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Jino hilo mlipe kitambaa cha kutafuna. Baba yako hakuupenda ujumbe wako, amesema jirani hana jicho la nyuma. Ndani ya bahasha kuna dawa, kurasa kumi na moja. Mashine ilitaka kuila ya sita, nikaiokoa kwa kibanio cha nywele.

Nimekuelewa kwamba umejiweka kando. Ndugu hawezi kumhukumu ndugu, hiyo ni heshima na ninaikubali. Lakini kujiweka kando si kuziba masikio. Basi sitakuuliza jina, nitakutajia majina tu, nami nikifika kwa mwenyewe, wewe usikanushe. Mchora Nembo? Huyo aliwahi kununa mwaka mzima kwa sababu nilisema nembo yake inafanana na soksi. Mweka Hazina? Hatuna hazina, ila cheo kimemvimbisha kichwa. Nimewapekua wote mmoja mmoja. Umebaki wewe tu ambaye sijakupekua.

Kuna habari njema. Watu wangu hawajanitupa. Kumi na wawili wametangaza mgomo: hawataandika wala kusoma neno lolote jukwaani mpaka nirudishwe. Wale wa upande wa kamati walipoona hivyo, wakatangaza mgomo wa kupinga mgomo, kwamba hawawezi kushiriki mahali penye watu wanaonitetea. Sasa jukwaani hamna mtu. Nimefurahi sana. Waache waonje.

Umesema sina maneno mabaya. Nimeichukua kama sifa.

Shangazi yako

2 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Mtoto aliumwa, akapona, akatuambukiza wote, na baba yake ndiye aliyelalamika kuliko wagonjwa wengine. Ni kweli pia kwamba nilianza kukuandikia mara kadhaa nikaacha. Mama ameniambia kwa simu kwamba Baba sasa ana filimbi. Nani aliyempa filimbi?

Kaa chini kabla hujaendelea.

Wote walipogoma, alibaki mtu mmoja ambaye hakujua kwamba kuna mgomo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kitu. Mshauri. Akaleta pendekezo lake la kurasa arobaini tena. Wiki mbili zikapita, hakuna aliyepinga. Likapita. Akaandika: "Nashukuru kwa umoja mliouonyesha." Akaleta la pili, jina la programu libadilishwe liwe Jukwaa Jumuishi la Usimamizi Endelevu wa Rasilimali za Usomaji. Kimya. Likapita. Akashukuru kwa umoja. Akaleta la tatu, kwamba pawe na Mratibu Mkuu, na ikiwa hakuna mwingine anayetaka, yuko tayari kubeba mzigo huo. Kimya kama maji mtungini. Akaubeba.

Hakuwa na hila, Shangazi. Alidhani tunampenda.

La nne ndilo lililotumaliza. Kusafisha orodha ya wanachama: asiyeandika lolote kwa mwezi mmoja aondolewe, isipokuwa aliyesimamishwa, kwa kuwa yeye amenyamazishwa kwa amri. Karibu kila mwenye uwezo wa kupinga alikuwa ameapa kutosoma. Watu wako wameondolewa. Watu wa kamati wameondolewa. Kamati yenyewe haipo. Mimi sikuwa katika mgomo wowote, nilikuwa nimefunga mdomo tu, na wiki zile za homa sikuliona, nami nimeondolewa. Dawa yako nilikuwa nimeshainakili yote. Nilipotaka kuiweka, mtambo ukaniambia haunijui.

Watu waliogombana miezi yote hii juu ya nani atolewe wametolewa wote, kwa kauli moja, bila kauli.

Sasa sikiliza. Wanachama wamebaki wawili, Mshauri na wewe. Kipindi chako kinaisha tarehe tisa Juni. Kamati ya kuridhika na radhi yako haipo tena, kwa hiyo hakuna wa kukuzuia mlangoni. Ukirudi unaweza kuleta pendekezo kwamba wote turudishwe. Lakini kanuni ni ile ile: mwanachama mmoja akipinga, limeanguka. Na mwanachama huyo mmoja ni yeye.

Wakutubi wanaandika kila siku. Shule moja imerudishiwa vitabu vyote, programu inasema wameibiwa maktaba nzima, na mwalimu mkuu ameanza kumtazama mkutubi kwa jicho la polisi. Yule dada anaweza kupoteza kazi. Fanya jambo.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi mmepona. Filimbi alijinunulia mwenyewe, na mimi ndimi niliyemuuzia, ili atoke nje mama yako apumue, na mimi nipate mteja.

Nilicheka, mwanangu! Kijana aliyekuja kupigwa picha ya pasipoti aliniuliza kama aniitie mtu. Nilicheka hadi nikaegemea mashine ya laminesheni, nayo ilikuwa ya moto. Wote nje! Mchora Nembo nje, Mweka Hazina nje, pamoja na hazina yake isiyokuwepo. Mimi niliyefukuzwa ndiye mwanachama.

Nilipotulia ndipo nikaona nilipokaa. Nilimwambia mtu anyamaze, mkanisimamisha. Sasa mnanituma kwa mtu yule yule nikamwombe anyamaze. Na nimwombe kwa adabu.

Nitarudi, lakini nina sharti langu. Nataka jina. Miezi mitatu hii ninafungua duka nikiwaza nani, ninafunga nikiwaza nani. Nikiwaona wateja wawili wakinong'ona kwenye foleni ninadhani wanamjua. Mshauri mwenyewe siye, sidhani kama alielewa kwamba ametukanwa. Kuna mtu aliyekaa, akaandika, akanipeleka mbele ya watu kama mwizi wa kuku, halafu akajificha nyuma ya "mwanachama aliyeguswa". Huyo nimtazame machoni nimpe vidonge vyake. Baada ya hapo nitakwenda kwa Mshauri hata kwa magoti.

Bila jina siendi popote. Mkutubi wa watu ananisikitisha, lakini mimi pia ni mtu wa watu.

Umejiweka kando, haya. Toka kando sasa.

Shangazi yako

20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo wote.

Ni mimi.

Niliandika malalamiko hayo mwenyewe, asubuhi, mezani kwangu, huku nimeshika kikombe. Ndiyo sababu nilijiweka kando. Wewe ulidhani ni undugu, nami nikakuacha udhani.

Nilianza kuja dukani kwako nikiwa darasa la pili, kila siku baada ya shule, mpaka Mama atoke kazini. Ulinifundisha kompyuta. Ninachokula leo kinatokana na kaunta ile, na sitasahau. Lakini ulinifundisha mbele ya foleni. Kila nilipokosea ulisema kitu cha kuchekesha, na waliokuja kutoa nakala wakacheka. Ulibandika zoezi langu ukutani, juu ya bei za fotokopi, ukaandika chini yake kwamba kichwa hiki kimekodishwa kwa ajili ya kubeba nywele. Lilikaa pale muhula mzima. Wateja walinisoma wakisubiri chenji. Na mimi nilicheka, Shangazi, kwa sababu nilikuwa mtoto na nilitaka uone ninaelewa utani.

Niliposoma yale uliyomwandikia Mshauri nilisikia foleni ikicheka. Sikumhurumia sana yeye, nikwambie ukweli, yule mtu ananichosha. Nilijihurumia mimi. Nikaandika.

Ningeweza kukupigia simu. Nilishindwa. Ninakupenda na ninakuogopa, na hili la pili sijawahi kukwambia, nawe hujawahi kuniuliza. Ulipoona nimenyamaza ulichukulia nimekubali.

Sikuombi radhi kwa malalamiko yale. Ningeyaandika tena. Ninachokuomba ni kwamba usimwache yule mkutubi aadhibiwe kwa sababu yangu. Jina umelipata.

Mwanao

30 Juni

Mwanangu,

Marahaba, hata kama safari hii sijui kama ninastahili. Barua yako ilifika siku nyingi. Nilikuwa na majibu matatu, yote nimeyachana. La kwanza lilikuwa zuri kupita kiasi. Lingekuliza wiki nzima, na lilikuwa na sentensi moja kuhusu kikombe chako ambayo bado inaniuma kuitupa.

Nilitaka mtu wa kuniunga mkono, nikampelekea baba yako barua nimsomee. Unajua ana kile kifaa cha masikio ambacho hukiacha kabatini makusudi, ili asisikie tunachomtuma. Nilisoma hadi mwisho, akanitazama. Akainuka, akakifuata, akakivaa, akakaa. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena, taratibu, na safari hii hata mimi niliisikia. Nikamuuliza, haya, unasemaje? Akasema, "Ni kweli. Na mimi pia unanifanyia hivyo." Akakivua, akatoka na filimbi yake. Mama yako alikuwa mlangoni, akatikisa kichwa kwa namna ambayo wifi hapaswi kumtikisia wifi.

Nimeumia. Nimekasirika kwamba ulinipeleka kwa kamati, kwa wale watu, na sitajifanya sikukasirika. Halafu jana alikuja mteja na binti yake mdogo, binti akabonyeza kitufe kisicho chake, maneno yakanijia mdomoni, mazuri kweli, yamepangika. Nikamwona mtoto anavyonitazama. Anayasubiri. Nikameza, nikakohoa kama niliyepaliwa. Nimeona aibu, mwanangu. Nilikuwa nadhani unacheka.

Sasa ya Mshauri. Tarehe tisa nilirudi, na kabla ya pendekezo lolote nilimpigia simu. Nilijiandaa kwa matusi. Akasema, "Mama, nilisoma jibu lako mara nyingi sana. Nilikuwa nimetuma mapendekezo tangu mwaka juzi. Wewe ulikuwa mtu wa kwanza kunijibu."

Mimi! Nikamuuliza anataka nini ili asipinge wenzetu kurudishwa. Nilidhani atataka abaki Mratibu Mkuu, au nipige magoti jukwaani. Akasema anataka jambo moja, nisome zile kurasa arobaini. Kumbe alijua sikuzisoma, nilizitukana tu. Nikazisoma zote. Ni mbaya, mwanangu, ni mbaya kuliko nilivyodhani. Ila kuna ukurasa mmoja wenye wazo: kwamba yeyote anayeleta kitu ajibiwe, hata kama jibu ni hapana. Nikamwandikia kwamba ukurasa huo una wazo. Habari za zile nyingine nimebaki nazo.

Nikamwomba radhi hadharani. Jukwaani mlikuwa hamna mtu mwingine, lakini hadharani ni hadharani. Wiki mbili zilipita hakupinga. Mmerudishwa wote. Na lile wazo lake sikulinyamazia, niliandika "ndiyo" kwa herufi zinazoonekana. Dawa ya hitilafu imewekwa, na yule mkutubi ameandika kwamba vitabu vyake vimepatikana, vilikuwa rafuni. Jina lile refu la programu bado lipo. Hilo tutaligombania kwa pamoja. Mchora Nembo tayari ameanza kuchora, na safari hii inafanana na soksi mbili.

Kuna mambo mengine ya kaunta hii ambayo hukuyaandika. Ninajua yapo, kwa sababu nimeanza kuyakumbuka mwenyewe, na sipendi ninavyoonekana ndani yake. Njoo Jumamosi, mwache mtoto kwa bibi yake. Nitafunga duka. Ukae upande wangu, mimi nisimame upande wa wateja, uniambie yote, nami sitatia neno. Nikishindwa, nishtaki tena. Njia unaijua.

Shangazi yako